Mali Bila Daftari: Jinsi Mataifa Yanavyopima Maendeleo Yao

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii ilizaliwa dukani, lakini haikubaki dukani. Mwenye duka asiyeandika alichonunua na alichouza aweza kuona watu wakiingia na kutoka tangu asubuhi hata jioni, akajiona tajiri, kumbe mtaji wake waliwa na panya na madeni. Mataifa nayo ni vivyo hivyo. Taifa laweza kujenga barabara, viwanda na shule, likasifiwa magazetini, huku watoto wake wakidumaa kwa njaa na mito yake ikichafuka, asipatikane mtu wa kusema kwa yakini ni watoto wangapi wala ni mito mingapi. Insha hii, msomaji, ni habari ya daftari la mataifa: lilianzaje, laandikwa na nani, lakaguliwa wapi, na kwa nini yakupasa wewe kulijua.

Tuanzie mahali panapoonekana kwa macho. Mji wa Thika umekaa panapokutana mito miwili, Chania na Thika. Reli kutoka Nairobi ilifika huko mwaka 1913, ikachukua kahawa na katani za mashamba ya walowezi. Baada ya reli vikaja viwanda: kiwanda cha kukamua dawa ya kutengenezea ngozi kutoka katika magome ya miwati, kiwanda cha kutia mananasi mikebeni, kilichoanza mwaka 1948, kiwanda cha nguo, mwaka 1958, na baada ya uhuru, viwanda vya kuunganisha magari na kusafisha mafuta ya kupikia. Jirani yake Ruiru, palipokuwa mahali pa kahawa, pamejaa nyumba na karakana, hasa tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Maji ya Thika huteremka mpaka mto Tana, yakaingia katika bwawa la Masinga. Maji ya Ruiru huelekea mto Athi, ambao huko pwani huitwa Sabaki, na humwagika baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo linalofanywa katika eneo hili la viwanda halikomi hapo. Lina safari ndefu.

Je, zamani nani aliyehesabu mambo ya Thika, na alihesabu nini? Shirika la reli lilihesabu mizigo. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda, ili ipate kodi; na wanaume wenye nguvu, ili wavikwe kipande shingoni na kupelekwa kazini. Hesabu ya kwanza ya watu wote wa Kenya, Waafrika pamoja, haikufanywa mpaka mwaka 1948, ikakuta watu wapatao milioni 5.4. Kwa muda wa nusu karne ya utawala, serikali ilijua idadi ya magunia ya kahawa kuliko idadi ya watoto wa wachumaji wake. Hapo pana funzo la kwanza la insha hii: mtu huhesabu anachokithamini, na ukitaka kujua moyo wa serikali, tazama inahesabu nini.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, viongozi walitangaza vita juu ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ulioeleza ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyoongoza mipango ya nchi. Tangu hapo mpango wa maendeleo ulifuata mpango, na tangu mwaka 1969 watu wamehesabiwa kila baada ya miaka kumi. Hata hivyo, kipimo kilichotawala vingine vyote kilikuwa kimoja, nacho ni pato la taifa, yaani thamani ya vitu vyote na kazi zote zilizouzwa katika mwaka.

Pato la taifa ni kipimo chenye manufaa, lakini kina upofu wake. Fikiri kiwanda cha nguo kilicho kando ya mto. Kitambaa kikiuzwa, pato la taifa huongezeka. Rangi ya kitambaa ikimwagwa mtoni, pato halipungui. Mtoto anayekunywa maji yale akiugua, na baba yake akanunua dawa, pato la taifa huongezeka tena! Daftari la namna hii laandika faida mara mbili pasipo na faida hata moja kwa mtoto yule. Ndiyo sababu wataalamu na viongozi walianza kutafuta daftari jingine, lenye kuandika pia hali ya mtu na hali ya ardhi.

Utafutaji huo ulipitia mlangoni petu. Baada ya mkutano wa mazingira uliofanyika Stockholm mwaka 1972, Umoja wa Mataifa uliweka makao makuu ya shirika lake la mazingira Nairobi. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni maendeleo yanayokidhi haja za watu wa leo bila ya kuwanyang'anya watu wa kesho uwezo wa kukidhi zao. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, yakaunda tume ya kufuatilia ahadi zao. Kisha mwaka 2000 yakaweka Malengo 8 ya Maendeleo ya Milenia, na kujipa muda mpaka mwaka 2015.

Kenya ilifanyaje katika mtihani ule? Ilifaulu mahali na ilishindwa mahali, na yote mawili yalijulikana kwa kuwa yaliandikwa. Januari 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na wanafunzi wakaongezeka katika mwaka mmoja kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Lakini kwa upande wa akina mama wanaofariki kwa sababu ya uzazi, nchi ilikuwa imekusudia kushusha vifo hadi 147 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta 488. Ule wa mwaka 2014 ukakuta 362. Vifo vilipungua, lakini lengo lilikuwa mbali. Tarakimu 362 si nzuri kwa serikali yoyote kuitangaza. Ilitangazwa, na heri ilitangazwa, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Tarehe 25 Septemba 2015, nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye ndani yake malengo madogo 169, yatimizwe ifikapo mwaka 2030. Mkenya mmoja, Balozi Macharia Kamau, alikuwa miongoni mwa walioongoza mashauri hayo, kwanza pamoja na balozi wa Hungary na baadaye pamoja na balozi wa Ireland. Malengo haya yalitofautiana na yale ya awali kwa jambo kubwa: hayakuwa ya nchi maskini peke yake. Uingereza na Ujerumani zilitakiwa kujieleza sawasawa na Kenya na Uganda.

Sasa tuangalie daftari lenyewe linavyofanya kazi. Lina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni vipimo. Lengo bila kipimo ni dua tu. Kusema "maji yawe safi" hakutoshi. Yapasa kusema usafi utajulikanaje. Kwa hiyo kundi la wataalamu wa takwimu wa nchi mbalimbali lilitunga viashiria zaidi ya 230, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likavikubali Julai 2017. Kiashiria kimoja chauliza ni sehemu gani ya maji machafu husafishwa kabla ya kurudishwa mtoni. Kingine chauliza viwanda vina fungu gani katika pato la taifa. Kingine chahesabu wafanyakazi wanaoumia kazini. Waona, msomaji, kwamba vyote vitatu vyaweza kuulizwa katika barabara moja ya Thika.

Ngazi ya pili ni nchi yenyewe. Katika Kenya kazi hii huratibiwa na idara ya serikali inayosimamia mipango, na takwimu hukusanywa hasa na Shirika la Taifa la Takwimu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Malengo ya dunia yalitiwa ndani ya mipango ya miaka mitano mitano ya Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti kazi nyingi, maji na afya zikiwamo, kila kaunti hupaswa kuandika mpango wake na kueleza ilipofika. Kaunti za Kwale, Taita Taveta, Busia na Marsabit zilijitangulia kwa kuandaa mapitio yao wenyewe, zikijipima kwa malengo yale yale ya dunia.

Ngazi ya tatu ni New York. Kila mwaka, mwezi wa Julai, hukutana Jukwaa la Kisiasa la Ngazi ya Juu, lililoundwa mwaka 2013 kuchukua nafasi ya tume iliyotokana na mkutano wa Rio. Hapo nchi husimama kwa hiari yake, husoma mapitio yake, na huulizwa maswali na nchi nyingine na hata na vyama vya raia. Mapitio ya kwanza yalifanywa mwaka 2016 na nchi 22, Uganda ikiwamo. Kenya ilisimama mwaka 2017, kisha 2020 na 2024. Tanzania ilisimama mwaka 2019 na 2023. Ripoti hizi huchapishwa, na mtu yeyote aweza kuzisoma.

Ngazi hizi tatu zikitajwa hivi zaonekana kuwa mbali na maisha. Basi tuifuate tarakimu moja tangu inapozaliwa. Kiwanda kikimwaga maji machafu, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za maji hukitaka kiwe na leseni, na maji yake yapimwe. Chupa ya maji huchotwa penye mfereji wa kutokea, ikapelekwa katika maabara iliyoidhinishwa. Huko maji hufungiwa siku 5 katika joto la nyuzi 20, ili ijulikane vijidudu vitatumia oksijeni kiasi gani katika kuozesha uchafu uliomo. Wakitumia nyingi, uchafu ni mwingi, na samaki watakosa hewa. Kanuni za mwaka 2006 hazikuruhusu zaidi ya miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa mtoni. Jibu la maabara huandikwa, hupelekwa kwa mamlaka ya mazingira, na kutoka huko na kwingineko takwimu hukusanywa ziingie katika hesabu ya taifa. Mwishoni waziri husimama mbele ya mataifa akataja hali ya maji ya nchi yake.

Sasa jiulize: katika mnyororo huo wote, ni nani aliye mkubwa kuliko wote? Wengi watasema waziri. Mimi nasema ni yule kijana aliyechota maji. Akichota mahali pasipostahili, au saa ambayo mfereji umesafishwa makusudi, hakuna profesa wala waziri awezaye kuirudisha kweli iliyopotea pale. Tarakimu ya uongo hupanda ngazi zote tatu ikiwa imevaa joho la heshima, na kila anayeipokea huongeza muhuri wake. Ndivyo ilivyo pia kwa karani wa takwimu aingiaye nyumbani kuuliza familia imekula nini katika siku 7 zilizopita. Umaskini wa taifa zima hujulikana kwa majibu ya nyumba zilizoteuliwa. Nyumba moja ikidanganya, imesema kwa niaba ya mamia.

Yafaa tuseme na kasoro za daftari hili, maana kusifu bila kupima ni kinyume cha somo letu.

Kasoro ya kwanza ni kuchelewa. Uchunguzi mkubwa wa matumizi ya nyumba ulifanywa Kenya mwaka 2005 na 2006, na mwingine kama huo haukufanywa mpaka mwaka 2015 na 2016, ulipokuta asilimia 36.1 ya watu wakiwa maskini. Mtoto aliyezaliwa wakati wa uchunguzi wa kwanza alikuwa amefika umri wa miaka kumi hivi ulipofanywa uchunguzi wa pili. Siku hizi uchunguzi hufanywa mara nyingi zaidi, na faida yake imeonekana: asilimia ya maskini ilikuwa 33.6 mwaka 2019, ikaruka hadi 42.9 mwaka 2020 wa ugonjwa wa korona, na ilikuwa 39.8 mwaka 2022. Kama ingalingojewa miaka kumi, pigo lile lisingalionekana, wala lisingalipata tiba.

Kasoro ya pili ni wastani. Chukua mitaa miwili yenye nyumba 10 kila mmoja. Katika mmoja nyumba 9 zina maji ya bomba. Katika wa pili nyumba 1 tu. Wastani wasema nusu ya nyumba zina maji, na hapana mtaa hata mmoja unaofanana na wastani huo. Thika ina mitaa ya nyumba za mawe na bustani, na ina Kiandutu, mtaa wa mabati ambako wengi wa vibarua huishi. Kaunti ya Kiambu, ambayo hesabu ya mwaka 2019 ilikuta ina watu 2,417,735, yaweza kuonekana yenye neema katika wastani, na Kiandutu isionekane. Ndiyo maana mataifa yaliahidi kwamba asiachwe mtu nyuma, na kwamba takwimu zitenganishwe kwa jinsia, umri, mapato na mahali. Ahadi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kutimizwa.

Kasoro ya tatu ni kwamba hapana hakimu. Mapitio ni ya hiari. Nchi hujisahihishia mtihani wake. Isipotimiza, haitozwi faini. Hata kufikia mwisho wa mwaka 2024 Marekani ilikuwa haijawahi kusimama kutoa mapitio yake, na Machi 2025 ikatangaza kuyakataa malengo hayo. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikiri kwamba kati ya malengo madogo yaliyoweza kupimika, ni asilimia 17 tu yaliyokuwa yakienda kama ilivyokusudiwa.

Ukisikia hayo utasema, "Basi daftari lina faida gani?" Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano wa viwanda vyetu. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2022 viwanda vitakuwa na fungu la asilimia 15 katika pato la taifa. Mwaka 2022 ulipofika, fungu hilo halikufika hata asilimia 8. Tamko lile lilikuwa tamu, na bila daftari lingalibaki tamu mpaka leo. Kwa kuwa lilikuwa na tarakimu na mwaka, kila raia aliweza kulikamata mkono na kuuliza: umeme ni ghali kiasi gani? Pamba imekwenda wapi? Kijana aliyesomea ufundi ataajiriwa na nani? Kadhalika daftari lilionyesha jema. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 89 katika kila 100 huzaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, na waliodumaa wamepungua kutoka 26 hadi 18 katika kila 100 tangu mwaka 2014. Wakunga na wauguzi waliofanya kazi hiyo hawakujengewa sanamu. Tarakimu hizi ndizo shukrani yao.

Kwa hiyo daftari halina rungu, lakini lina macho. Halilazimishi, hulifanya kosa lionekane, kisha huwaachia wananchi kazi iliyobaki. Sheria ya nchi nayo imewapa chombo: Ibara ya 35 ya Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 42 humpa haki ya mazingira safi. Haki ya pili hutegemea ya kwanza. Mtu asiyejua maji yake yana nini hawezi kudai yasafishwe. Ataambiwa ni manung'uniko, naye atakosa la kujibu.

Hesabu ya watu ijayo, tukifuata desturi ya miaka kumi, itakuwa mwaka 2029, mwaka mmoja kabla ya muda wa malengo kwisha. Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mtakuwa watu wazima wakati huo, na baadhi yenu mtaajiriwa kuwa makarani wa hesabu. Utapewa vyombo vya kuandikia, utapita Makongeni, Kiandutu na Ruiru jua likiwaka, na utachoka. Utafika penye mlango wa mwisho wa kichochoro, nao umefungwa, na hapana atakayejua ukijaza majibu kwa kubuni. Bisha hodi tena. Aliye ndani ni mtu mmoja, naye ana haki ya kuandikwa kama alivyo.